Usigawe hilo dodoso kabla hujaishika rejista ya Januari

Mkuu, usigawe hilo dodoso. Hata kama umeshalitoa kopi mia mbili, lifungie kabatini usome hii kwanza.

Umeandika kwamba uko chuo cha maendeleo ya wananchi huko Kasulu, mkuu wa chuo amekupa kazi ya kupima wanachuo wanaridhika kiasi gani na maendeleo yao ya kitaaluma yakoje. Mpango wako ni kuingia madarasani wiki ya mwisho kabla ya mitihani, kugawa karatasi yenye maswali 25, kisha kupeleka asilimia kwenye bodi. Umeuliza maswali yawe mangapi, yawe Kiswahili au Kiingereza, utumie simu au karatasi, na majibu uyaunganishe vipi na alama za darasani. Hapo juu watu watatu wamekujibu habari ya idadi ya maswali. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza siku hiyo ni nani atakuwa amekaa kwenye madawati.

Nimefanya kazi hiyo mkoa wa Tabora, kwenye chuo cha aina hiyohiyo. Nilipanga kama ulivyopanga, na wiki niliyochagua ndiyo hiyo uliyoichagua wewe. Ndiyo maana nimeshindwa kuupita uzi huu kimya.

Januari ile fani ya ushonaji iliandikisha wanachuo 34. Siku ya dodoso, mwezi wa kumi na moja, nilikuta 13. Nikagawa karatasi 13, nikakusanya 13, na nikafurahi kwamba hakuna aliyegoma kujibu. Kumi na mmoja walikuwa wametia vema kwenye "ninaridhika" au "ninaridhika sana". Nikaandika asilimia 85. Sasa chukua haohao 11, wagawe kwa 34 walioingia Januari: asilimia 32. Darasa ni lilelile na karatasi ni zilezile. Sisemi wale 21 wote walikichukia chuo. Ninachosema ni kwamba sikuwauliza, kisha nikaandika "wanachuo wa ushonaji wanaridhika" kana kwamba niliwauliza.

Na hilo bado si baya lenyewe. Swali la tisa lilikuwa: "Je, vifaa vya karakana vinatosha?" Wengi walijibu vinatosha, na hawakudanganya. Karakana ilikuwa na cherehani 12, zinazofanya kazi tano. Nyingine mkanda umekatika, nyingine imekosa bobini, moja ilikuwa imefunikwa kanga kama mgonjwa. Watu 13 kwa cherehani tano ni wawili au watatu kwa moja, unashona, unampisha mwenzio, siku inakwenda. Lakini Februari walikuwa 34 kwa cherehani hizohizo tano. Watu saba wanasubiri kiti kimoja! Kwa hiyo vifaa vilikuja kutosha kwa sababu watu waliondoka. Wale walioshindwa kusubiri ndio waliowaachia nafasi wale walioniambia wanaridhika, na mimi nikaichukua ile nafasi tupu nikaiandika kuwa ubora wa chuo.

Ripoti ikaenda kwenye bodi. Kulikuwa na fedha kidogo zilizotengwa kutengeneza cherehani. Mjumbe mmoja akafungua ukurasa wangu, akasoma kwa sauti, "vifaa vinatosha", akauliza kwa nini basi fedha ziende huko. Zikahamia kwenye rangi ya bweni na geti. Geti zuri kweli, hadi leo lipo. Januari iliyofuata wakaja wengine zaidi ya 30, wakakuta cherehani tano. Kufika Pasaka karakana ilikuwa kimya. Mwaka uliofuata fani "ikasimamishwa kwa muda" kwa kukosa wanachuo, na mkufunzi wa ushonaji, mama aliyekuwa akinunua uzi kwa fedha yake, akahamishwa. Chini ya ripoti ile iliyoanzisha yote kuna sahihi yangu.

Sasa nimtaje aliyenifundisha, bila jina. Alikuwa mshauri elekezi aliyetoka Dar na projekta yake, semina ya siku mbili mjini Tabora, chai na maandazi, posho tukasaini. Alituletea dodoso lililokwisha kuandikwa, kazi yetu kubadilisha jina la chuo tu. Nilinyoosha mkono nikauliza: na walioacha, tunawapimaje? Akanijibu, nakumbuka neno kwa neno, "Aliyeacha si mteja wako tena. Mtoe kwenye orodha asikuharibie data." Ukumbi ukapiga makofi, na mimi nikapiga.

Mteja! Binti ametoka ndani kabisa ya Sikonge, baba yake ameuza magunia mawili ya mahindi apate ada na godoro, halafu aitwe mteja kama aliyeingia dukani akakosa sabuni akatoka? Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, wazo likiwa limetoka Sweden, kwa ajili ya mwananchi wa kawaida ambaye njia ya shule ilimwishia mapema. Ukimfuta anapoishia tena njiani, umefuta kazi yenyewe ya chuo. Bado nina hasira na yule bwana. Alilipwa kutufundisha kuhesabu, akatufundisha kuchagua wa kuhesabu.

Baada ya fani kufungwa ndipo nilipokwenda kuitafuta rejista ya Januari ile, na nilichelewa. Ukiifungua unakuta majina, halafu mistari ya kalamu nyekundu imepita juu yake, mingine imebonyezwa kwa rula mpaka karatasi imechanika. Pembeni neno moja tu: "mtoro". Namba za simu za wazazi, nusu hazipatikani, nyingine anapokea mtu wa Nzega asiyemjua mtoto huyo. Katika 21 niliwafikia 12, kwa boda na kwa kuulizia vijijini.

Wanne walikuwa kwenye tumbaku. Wewe wa Kasulu labda hili hulioni, lakini kwetu Februari hadi Aprili ni kuchuma na kukausha, moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, unakeshewa usiku kucha, na baba hana mtu mwingine wa kukesha. Walidhani watarudi msimu ukiisha. Walipouliza wakaambiwa wameshafutwa. Watatu ni michango ya chakula, walirudishwa nyumbani mara ya pili wakaona aibu ya mara ya tatu. Mmoja alikuwa amejifungua, na hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuzungumza na chuo arudi na mtoto wake.

Wanne waliobaki ndio walioninyima usingizi. Mmoja nilimkuta sokoni Tabora mjini, barazani kwa fundi, anapiga pindo gauni la kitenge. Hakuinua kichwa mpaka amefika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniamkia. Nikamuuliza kwa nini uliacha. Akasema, "Mwalimu, kule nilikuwa nasubiri cherehani toka asubuhi mpaka kengele ya mchana. Hapa nimeshona siku ya kwanza." Akanigeuzia lile gauni upande wa ndani nione. Mshono umenyooka kuliko wa wengi niliowaona wakitunukiwa cheti. Kwenye rejista yetu ni mtoro. Wenzake watatu vilevile, wawili kwa mafundi, mmoja anashona sare za shule nyumbani.

Umeona sasa? Ndani ya neno "ameacha" nilikuta aliyefukuzwa na njaa, aliyeitwa na bani, na aliyekwisha kupata alichokijia. Dodoso la Novemba haliwezi kukutenganishia hao, maana hakuna hata mmoja wao aliyemo darasani.

Marekani, kwenye vile vyuo vyao vya jamii vya miaka miwili, wamehangaika na hilihili. Sheria yao ya mwaka 1990 ya haki ya mwanafunzi kujua iliwabana vyuo watangaze kiwango cha kumaliza, na hesabu inaanza na kundi lililoingia: wale wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote wanaandikwa mwanzoni, kisha wanafuatiliwa mpaka asilimia 150 ya muda wa kozi, yaani miaka mitatu kwa kozi ya miwili. Hata hapo walibaki na tatizo la yule binti wangu wa sokoni, maana mwanafunzi anayehamia chuo kikuu kabla ya kumaliza hahesabiwi kuwa amehitimu, ndiyo maana wanaohama huandikwa kwenye safu yao peke yao. Na dodoso lao kubwa la vyuo hivyo, linaloendeshwa na kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, lina mwenzake wa wanafunzi wapya, ambalo hujazwa wiki ya nne na ya tano tangu muhula uanze. Wiki ya nne, mkuu! Wakati aliyekata tamaa bado yupo kwenye kiti na bado unaweza kumfanyia kitu.

Upande wa alama, mtego ni uleule. Chukua wanachuo watano: 30, 35, 50, 60, 70. Wastani 49. Wale wawili wa chini wakiacha, wanabaki 50, 60, 70, na wastani ni 60. Umepanda pointi 11 na hakuna aliyejifunza hata kupima kiuno. Mimi niliandika "ufaulu umepanda muhula wa pili" na nikapongezwa mbele ya wakufunzi. Ukitaka maendeleo ya kweli, mlinganishe kila mtu na yeye mwenyewe: alama yake ya Machi na yake ya Septemba. Kwa fani ya mikono ni bora zaidi umpe kazi ileile mara mbili, kola ileile au ukuta uleule wa matofali, uone amesogea wapi. Aliyeacha mwache kwenye jedwali, kisanduku chake kiwe kitupu, lakini jina lake lionekane.

Kuhusu kuunganisha majibu na alama, mimi nisingeunganisha. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Bob Uttl na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa, wakakuta kwamba alama ambazo wanafunzi wanampa mwalimu haziendi sambamba na kiasi walichojifunza. Basi kila kimoja kibebe habari yake.

Na toa namba ya usajili juu ya karatasi. Nimeiona kwenye rasimu uliyoweka. Mwanachuo anayedaiwa michango hawezi kuandika kwamba chakula ni kibovu huku namba yake ipo pale na mkufunzi amesimama mlangoni.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha. Darasani tulifundishwa sehemu ina kiasi juu na asili chini. Asili yako iwe walioingia Januari. Kwenye kila asilimia utakayoandika, ya kuridhika, ya kufaulu, ya mahudhurio, chini ya mstari wakae wote walioandikishwa siku ya kwanza. Bodi ikitaka kujua habari za waliobaki peke yao, andika pembeni, kwa maneno kamili: "hawa ni 13 kati ya 34". Na kabla hujamuuliza aliyepo swali hata moja, nenda kamtafute aliyeondoka. Ukiwapata kumi kwa simu na boda utakuwa na habari kuliko karatasi mia mbili.

Najua kuna mwalimu wa takwimu humu ambaye vidole vinamwasha kuniandikia jina la Kiingereza la kosa hili. Liandike, mkuu, nitashukuru. Mimi nitaendelea kuliita cherehani tano.

Utaambiwa hakuna fungu la nauli ya kuwafuata walioacha. Nami niliambiwa. Nauli yote niliyotumia kuwafikia wale 12 haifiki bei ya rangi ya geti moja. Omba fungu hilo kabla ya fungu la kuchapa, na kama mkuu wa chuo atakataa, omba walau vocha ya simu na siku mbili bila vipindi.

Leo hii, kabla hujalala, nenda ofisi ya taaluma uombe rejista ya Januari, ile ya kwanza kabisa. Usikubali iliyonakiliwa upya muhula wa pili, maana hiyo imeshasafishwa. Piga picha kurasa zote pamoja na namba za wazazi, kisha kaa na mkufunzi wa kila fani mpite jina kwa jina. Ukifika kwenye jina lenye mstari mwekundu, muulize alikuwa anakaa wapi darasani, na mara ya mwisho alimwona lini. Ukimaliza, rudi hapa utuambie waliingia wangapi na wamebaki wangapi, ndipo tuzungumze maswali yawe mangapi.