Kupima muda unaoliwa na vikao: ya kujua kabla hujaanza

Bosi akiuliza kwa nini kazi imechelewa, jibu la "nina vikao vingi" halimsaidii chochote. Mwambie "wiki hii nimekaa vikaoni saa 14 kati ya 40, na 5 kati ya hizo zilikuwa za kusomewa taarifa," hapo ana kitu cha kushika. Ila namba hiyo usiitafute kwenye kalenda peke yake, kwa sababu kalenda inajua kilichopangwa tu. Kikao cha nusu saa kilichongoja watu dakika 7, kisha kikapitiliza mwisho wake uliopangwa kwa dakika 10, kimekuchukua dakika 40 (zile 7 zimo ndani ya nusu saa). Kungoja nako ni muda wako, usikuache nje ya hesabu.

Fungua jedwali la hesabu kwenye kompyuta (kama Excel) lenye safu sita: tarehe, jina la kikao, saa uliyokaa, saa uliyotoka, idadi ya watu, aina. Aina zisizidi nne au tano (uamuzi, taarifa, kazi ya pamoja, kukutana na msimamizi). Zikiwa kumi utaanza kubahatisha. Jaza mara tu kikao kinapoisha. Anayengoja Ijumaa jioni hukumbuka vikao vilivyomuudhi na kusahau vile vya dakika kumi na tano, ambavyo ndivyo vingi.

Makosa mengi yako kwenye hesabu yenyewe. Andika saa kama kompyuta inavyozisoma: saa nane mchana ni 14:00. Ukichanganya 8:00 na 14:00, kikao kinaweza kutoka na muda hasi au kurefuka kwa saa sita. Kisha toa mwanzo kwenye mwisho, zidisha kwa 24. Kuzidisha ni lazima kwa kuwa programu hizi huhifadhi muda kama sehemu ya siku. Dakika 90 kwake ni 0.0625. Usipozidisha, ukaacha jumla katika umbo la kawaida la saa, ikivuka 24 inaanza upya na saa 26 zitaonekana kama 2:00. Wengi hufurahia jumla ndogo bila kuishuku.

Ukiamua kupakua faili la kalenda ili kupunguza kuandika, likague kwanza. Kikao cha kila wiki huweza kuonekana humo mara moja tu, kikiwa na kanuni ya kujirudia, hivyo jumla inapungua. Matukio ya siku nzima, mialiko uliyokataa na muda uliojizuilia mwenyewe huivimbisha. Hayo matatu yaondoe.

Vipande vya dakika 20 vinavyobaki kati ya kikao na kikao viwekee safu yake. Ni kweli kazi nzito haifanyiki humo, lakini ukivijumlisha na vikao, mtu wa kwanza kukagua atasema umepika hesabu, na atakuwa na haki.

Pima wiki nne mfululizo. Wiki moja haitoshi, kwani vikao vya mwezi hujitokeza mara moja tu na wiki ya kufunga ripoti haifanani na nyingine.

Baada ya hapo zidisha muda wa kila kikao kwa idadi ya watu. Watu 10 kwa saa moja na nusu ni saa 15 za kazi, karibu siku mbili za mtu mmoja, tena kila wiki. Anza mazungumzo na kikao cha aina ya taarifa chenye namba kubwa kuliko vyote, na uende kwa mwenye kikao kabla ya kwenda kwa bosi wake.