Nani anashika mwendo? Ushauri kwa wanaochanganya jazi ya manouche na jazi ya Marekani

Ukiwaita wapiga gitaa wa manouche wacheze pamoja na wanamuziki wa jazi ya Marekani, usianze kwa kuuliza mtapiga wimbo gani. Anza kwa kuuliza nani anashika mwendo, yaani nani anawashikia wengine kasi na mapigo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mpiga ridhimu katika bendi za mchanganyiko huu huku Uholanzi, na karibu kila shoo iliyoharibika mbele yangu iliharibikia hapo. Wanamuziki wote ni wazuri, kila mmoja anabeba mwendo, na hakuna aliye tayari kuutua.

Nieleze kwanza kwa ambaye hajaisikia. Jazi ya manouche, ambayo wengi wanaijua kwa jina la jipsi jazi, ilizaliwa Paris miaka ya 1930. Baba yake ni Django Reinhardt, mtoto wa Wamanouche, yaani Waroma wa Ufaransa na nchi za jirani, aliyezaliwa Liberchies, Ubelgiji, mwaka 1910. Mwaka 1928 nyumba ya magurudumu aliyokuwa akiishi na mkewe iliwaka moto. Mkono wake wa kushoto uliungua, na kidole cha pete na kile kidogo havikupona sawasawa. Alijifunza gitaa upya, akapiga solo zake kwa vidole viwili vilivyobaki vizima. Mwaka 1934 yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli walikuwa na kundi lao, Quintette du Hot Club de France: fidla, gitaa la solo, magitaa mawili ya ridhimu, na besi ile kubwa ya kusimama. Dramu hakuna. Piano hakuna.

Kazi ya dramu ilibebwa na wale wawili wa ridhimu, Joseph Reinhardt, mdogo wake Django, na Roger Chaput. Mpigo wao unaitwa la pompe. Pigo la kwanza na la tatu unaligusa kwa wepesi kwenye nyuzi nene. La pili na la nne unalipiga kavu, na hapohapo unalegeza vidole vya mkono wa kushoto ili sauti ikatike. Sikiliza vizuri, utasikia besi humo ndani, utasikia snea, ile ngoma ndogo kavu ya dramu, utasikia na kodi za gitaa zenyewe, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi, ambako ridhimu inajibizana na solo huku dramu na tumba zikisukuma. Huku nikakuta ridhimu ndiyo dramu.

Sasa mlete mpiga dramu aliyesoma jazi ya Marekani. Yeye amefundishwa kwamba mwendo unakaa kwenye tasa lake kubwa la shaba, simbali ile ya mkono wa kulia, na tasa lile linalia mfululizo, halikatiki. La pompe linaishi kwenye ule ukimya mfupi baada ya pigo la pili na la nne. Tasa likiujaza ukimya huo, magitaa yanabaki yanakwaruza tu na hayasukumi chochote. Wapiga gitaa wakijisikia wamefunikwa wanaongeza nguvu, mpiga dramu naye anajibu, na wimbo unaanza kukimbia. Nimeona wimbo ukimalizika kwa kasi ambayo mpiga klarineti hakuweza hata kuitamka melodia ya mwisho.

Django mwenyewe alishalitatua jambo hili. Vita ilipoanza mwaka 1939 Grappelli alibaki London. Mwaka 1940 Django aliunda kundi jingine Paris, safari hii na klarineti ya Hubert Rostaing na dramu za Pierre Fouad. Hapo magitaa mawili ya ridhimu yakawa moja. Sikiliza "Nuages" ya mwaka huo, halafu urudi kwenye rekodi za mwaka 1934 na 1935, utasikia jinsi nafasi ilivyogawanywa upya. Ndiyo maana ninawaambia watu bila kusita: ukileta dramu, punguza gitaa moja. Mpiga dramu naye aje na brashi badala ya vijiti, aanze na snea peke yake, tasa kubwa alifungue pale tu saksafoni inapoingia na gitaa limekubali kurudi nyuma.

Kurudi nyuma huko ni kazi ya mpiga ridhimu, na wengi wa wapiga manouche hawaipendi mwanzoni. Saksafoni ikianza solo yake, acha kukata sauti kwa nguvu. Piga mapigo manne sawa, chini kabisa, kodi za noti mbili au tatu. Jazi ya Marekani ina mwalimu mkubwa wa jambo hili, Freddie Green, aliyeingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kuwa mpiga gitaa wake kwa karibu miaka hamsini. Gitaa lake hulisikii kama gitaa, lakini likinyamaza bendi nzima inayumba. Mpiga ridhimu anayeweza kuhama kutoka la pompe kwenda kwa Green na kurudi, katikati ya wimbo na bila kuambiwa, ndiye mtu wa kwanza ningemtafuta kabla sijatafuta mpiga solo.

Mpiga besi naye mwambie mapema. Chini ya la pompe anapiga mapigo mawili kwa baa, yaani katika kila kipimo cha mapigo manne, mazito na mafupi. Gitaa likirudi nyuma, yeye ndiye anayeanza kutembea kwa mapigo manne. Akitembea tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo mzima unakuwa na rangi moja, na wasikilizaji hawapati ule mshtuko mzuri wa mlango kufunguka.

Tatizo la pili ni piano. Siku moja tulikuwa mazoezini na mpiga solo, kijana wa Kisinti (Wasinti ni Waroma, ndugu wa Wamanouche), na mjomba wake kwenye ridhimu. Mpiga piano alikuwa ametoka chuo cha muziki, mtu hodari kabisa. Tulichukua "Minor Swing", wimbo wa kodi tatu za msingi, Am, Dm na E7, ambao kila mpiga gitaa wa mtindo huu anaujua. Kila tulipofika nyumbani kwenye Am palikuwa na kitu kinachokera sikio. Si makosa, ila hapakukaa vizuri. Mjomba alisimamisha wimbo, akaenda kwenye piano, akabonyeza noti moja tu, G, akatikisa kichwa. Kisha akabonyeza F#. Akarudi kukaa. Mpiga piano alielewa papo hapo. Yeye alikuwa akipiga Am7, yenye G ndani yake, kama alivyozoea. Mzee alikuwa akipiga Am6, yenye F#, kama wapiga manouche karibu wote wanavyopiga kodi ndogo (maina) zao. Noti hizo mbili zimepakana, na zikilia pamoja zinagombana. Tulipoendelea, piano ilihamia F# na chumba kizima kikatulia.

Kwa hiyo mkae dakika kumi na gitaa na piano peke yao kabla ya wengine kufika. Mkubaliane ni wapi kodi ndogo ni za sita na wapi ni za saba, kodi kubwa ni za sita au za saba kubwa, na wapi mtaruhusu zile kodi za kupita zilizobanwa (diminished) ambazo Django alizipenda sana. Kama hamna dakika kumi, piano inyamaze wakati wa solo za gitaa. Hakuna ubaya. Mpiga piano mwenye masikio atakushukuru.

Ufunguo wa wimbo nao ujadiliwe, kwa ufupi. Gitaa linapenda Am, Dm, G. Ukimwambia mpiga saksafoni ya alto wimbo uko kwenye G, yeye anaupiga kwenye E, yenye diyezi (#) nne, kwa kuwa saksafoni yake inaandikiwa ufunguo tofauti. Anayecheza kila siku atauweza, lakini usimpe nyimbo sita mfululizo za namna hiyo. Panga nusu ya nyimbo kwenye Bb, Eb au F. Mpiga gitaa wa manouche atanung'unika kidogo kwa kukosa nyuzi za wazi, halafu ataonyesha kwamba anazijua kodi zile kila mahali shingoni mwa gitaa.

Mchanganyiko huu haukuanza leo. Ni wa tangu mwanzo. Tarehe 28 Aprili 1937, jijini Paris, Coleman Hawkins na Benny Carter, Wamarekani weusi wawili waliokuwa wakifanya kazi Ulaya wakati huo, waliingia studio na Wafaransa Alix Combelle na André Ekyan. Saksafoni nne. Gitaa lilikuwa moja tu, la Django, na Grappelli siku hiyo aliacha fidla akakaa kwenye piano. Dramu zilipigwa na Tommy Benford, Mmarekani. Katika "Crazy Rhythm" kila mpiga saksafoni anachukua zamu yake, na Hawkins anapomaliza mzunguko wake inasikika sauti ikimhimiza aendelee, naye anaendelea. Ninayempa rekodi hii namwambia asikilize gitaa chini ya Hawkins. Django, mpiga solo mkubwa kuliko wote Ulaya, amekubali kuwa mpiga ridhimu, na anasukuma saksafoni kama injini. Ukimpata mpiga solo mwenye unyenyekevu huo, mshike.

Ninayoipenda zaidi lakini ni ya tarehe 5 Aprili 1939. Bendi ya Mmarekani Duke Ellington ilikuwa ziarani Ulaya, na watatu kati yao, Rex Stewart wa koneti, Barney Bigard wa klarineti na Billy Taylor wa besi, walirekodi na Django jijini Paris. Watu wanne tu. Hakuna kundi la ridhimu la kumfunika mtu, na koneti ya Stewart inaongea kwa sauti ya chumbani. Ukitaka kujaribu mchanganyiko huu kwa mara ya kwanza, anza na umbo hili: vyombo viwili vya kupuliza, gitaa moja, besi moja. Gharama ni ndogo, mzozo wa mwendo haupo, na kila mtu anamsikia mwenzake bila spika.

Mwaka 1946 mambo yalikwenda tofauti. Django alivuka bahari kuzunguka Marekani na orkesta ya Ellington, na mwezi Novemba walipiga Carnegie Hall, New York. Alikwenda bila gitaa lake, akapiga gitaa la umeme. Aliitwa jukwaani mwishoni mwa onyesho, akapiga nyimbo chache huku orkesta ikimsindikiza, basi. Watu walimpenda na walimpigia makofi, lakini kwangu mimi hao walikuwa wageni wawili wakuu kwenye jukwaa moja, haukuwa muziki uliotungwa kwa ajili ya wote wawili. Ninaliona kosa hilohilo leo kwenye matamasha: nyota wa manouche analetwa dakika kumi na tano za mwisho, anarusha noti zake za kasi, anapigiwa kelele, anashuka. Kama una nyota wa namna hiyo kwa usiku mmoja, mpe angalau wimbo mmoja wa polepole uliopangwa kwa ajili yake, na mmoja ambao yeye anasindikiza wengine.

Kuhusu karatasi, mwende taratibu. Django hakusoma nota, na hadi leo familia nyingi za Kisinti zinarithishana muziki kwa sikio, mjomba kwa mpwa, binamu kwa binamu. Mtu hajashindwa kusoma kwa kuwa hajui muziki. Ana nyimbo mamia kichwani na anaweza kukupigia yoyote kwenye ufunguo wowote. Kusambaza karatasi mezani na kuanza kutaja namba za baa ni kumfunga mdomo mbele ya watu. Imba kipande cha katikati, mwache ajibu kwa gitaa, rudieni mara mbili. Walio na karatasi wabaki nazo. Na ukimkuta mzee katika familia hiyo, msalimie kwanza yeye, mweleze yeye mpango wa usiku. Kwa sisi tuliolelewa kwa shikamoo hili halina ugumu wowote.

Sauti ya jukwaani: magitaa ya aina ya Selmer yalitengenezwa yasikike bila umeme, na ukweli wake uko hewani. Mwambie fundi mitambo aweke maikrofoni ndogo mbele ya kila gitaa, asilipitishe kwenye spika ya gitaa la umeme isipokuwa mpigaji ameomba. Kaeni karibu karibu, nusu duara, mpiga ridhimu katikati, dramu upande wa besi. Anayesimama mbali na ridhimu atachelewa, hata awe nani.

La mwisho ni fedha na majina, na hapa nina uchungu. Wale waliopiga la pompe nyuma ya Django wanajulikana na wachache sana, ilhali bila wao hakuna muziki wa kuchanganya na chochote. Kwenye shoo za mchanganyiko nimeona bango lenye jina la mpiga solo na jina la mpiga saksafoni, kisha chini, kwa herufi ndogo, "na wenzao". Malipo nayo yanafuata herufi. Mpangaji wa shoo, gawa sawa, na mwambie kila mtu kiasi chake kabla hajafunga safari. Kwenye bango andika majina yote kwa ukubwa mmoja, na mbele ya kila jina andika chombo chake: gitaa la solo, gitaa la ridhimu, besi, klarineti, dramu.