Umeajiriwa idara ya mipango halmashauri? Anza na maboma, yale majengo ya wananchi ambayo hayajaisha

Wadogo zangu mliopangiwa halmashauri, hongereni kwanza. Wiki ya kwanza tu utapigiwa simu kutoka mkoani wanataka taarifa saa nane na hapo ni saa saba na nusu 😀 utaweweseka ukidhani mkoa ndo bosi wako. Sio hivyo. Tangu ile sheria ya tawala za mikoa ya 1997 sekretarieti ya mkoa kazi yake ni kushauri, kuwezesha na kufuatilia, DCC (kamati ya ushauri ya wilaya) inashauri, RCC (ile ya mkoa) inashauri, ila mpango na bajeti ya halmashauri vinapitishwa na Baraza la Madiwani, hao ndo wenye nyumba. Taarifa wapeni, kwa wakati na kwa adabu, lakini mtu akikwambia kwa simu hamisha mradi toka kata hii peleka ile, usiguse PlanRep (mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti), mwombe aandike barua kwa mkurugenzi. Wengi barua haiji.

Sasa kosa langu mimi. Bajeti yangu ya kwanza nilikaa ofisini na excel yangu, wanafunzi wangapi, madarasa mangapi, nikajipangia, nikaona nimemaliza. Nimefika kwenye kikao cha KAMAKA (kamati ya maendeleo ya kata) nawasilisha, mwenyekiti wa kijiji kimoja, mzee wa makamo hivi, akanyoosha mkono: "Mwanangu, zahanati yetu boma liko usawa wa lenta toka mvua za mwaka juzi, na asubuhi hii umelipita na gari." Na kweli nililipita, mbuzi walikuwa wamelala ndani. Watu wamechanga, wamesomba mchanga, wamefyatua tofali, mi nimekuja kuwasomea pasenti. Nilitamani ardhi ipasuke.

Toka siku hiyo natembea na daftari la maboma. Kijiji gani, limefika msingi au lenta, michango ina stakabadhi, eneo lina muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji au walikubaliana tu mdomoni chini ya mwembe (hii ya mwembe itakusumbua, mwenye shamba akifariki watoto wanakuja kudai eneo lao). Maana ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha hela mnachopangiwa, ukishuka kutoka juu unakuta maombi ni mara kadhaa ya hela iliyopo, na hapo ndo diwani atakuuliza kwanini kata ya mwenzake na sio yake, ukiwa na daftari unajibu, ukiwa huna unatoa macho.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kukopesha vikundi, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, msiichezee kuzibia mapengo, ni ya kisheria.

Na mtendaji wa kijiji msimdharau kisa nyie mna digrii. Muhtasari mnaoutafuta saa nne usiku wa kufunga bajeti uko kwenye begi lake, na simu yake ikizima chaji mmekwisha.