Barua kwa mwanangu: daftari la kalamu mbili

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza swali fupi: kwa kuwa kisukari chako ndiyo kwanza kimegunduliwa na umepewa metformini peke yake, ujipime sukari mara ngapi kwa siku? Muulize daktari wako. Mimi wa sindano za insulini hujipima kila siku, tena zaidi ya mara moja. Wewe wa vidonge huenda ukaambiwa mara chache tu kwa wiki. Kama vijiti vyako vya kupimia damu ni vichache, tumia viwili kwenye mlo mmoja, kimoja kabla ya kula, cha pili saa mbili baadaye, ndipo utakijua chakula hicho kinakufanya nini. Nawa mikono kwanza, maana majimaji ya tunda yakibaki kidoleni mashine itakudanganya. Choma ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha. Na kidonge meza pamoja na chakula, tumbo lisikusumbue. Hayo yamekwisha.

Mimi nataka kusema juu ya kuandika. Namba ni habari tu, mwanangu. Nimeshakwambia, na nitakwambia tena.

Unalikumbuka daftari langu la jalada gumu? Nilipogunduliwa, wewe ukiwa bado wa kaptura za shule, niliandika kwa uaminifu wiki tatu. Kisha asubuhi moja, sijatia kitu kinywani, ikaja 14.2, kwa hesabu ya milimoli kwa lita, na mimi niliambiwa nisivuke 7. Nikalifunga daftari. Sikupima tena. Usiku wa kuamkia kliniki nikakaa mezani na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili isionekane nimeandika kwa mkao mmoja, nikajaza kurasa: 6.4, 6.9, 7.1. Nikachomeka na 8.3 moja ili mambo yaaminike. Ukapita, ukauliza, "Mama, unaandika nini?" Nikasema hesabu za nyumba. Ukavuta kiti, ukataka kunisaidia kujumlisha.

Kesho yake nesi akapekua kurasa akasema, "Hongera, mama. Laiti wote wangekuwa kama wewe." Nikatabasamu. Mpaka leo hongera ile huniwasha kuliko tusi. Kwa ajili ya daftari lile dozi ikaachwa ilivyo, nami miezi mitatu nikaendelea kuamka usiku kwenda chooni, nyayo zikiniwaka kama nimekanyaga makaa.

Safari iliyofuata wakanipima HbA1c, ile tunayoiita kipimo cha miezi mitatu. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo damu ilikuwa na daftari lake na haikuwa na kalamu ya bluu. Asilimia 10.4. Daktari akaiweka karatasi ile kando ya kurasa zangu, akatazama huku, akatazama huku. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kukasirikia. Akauliza tu, "Mama, tufuate ipi?"

Nilimwogopa nani? Baba yako, Mungu amrehemu, asingesema neno. Daktari asingenichapa. Na ile 14.2 ingeweza kuwa ya dozi ndogo tu, au ya mafua yaliyokuwa yananinyemelea. Hata maradhi madogo hupandisha sukari. Namba ni habari tu. Lakini nisijifanye hodari leo: ukiiona yako, alfajiri, peke yako, hutaiona kama habari. Utaona umesutwa. Mimi niliona hivyo. Andika hivyo hivyo ulivyosutwa.

Sasa mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, umesema mkeo hajui, vidonge unavificha kwenye mkoba wa kazini. Sisemi umekosea. Nyumba ni yako. Niliandika ukurasa mzima hapa nikauchana. Nasema tu kwamba metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini siku ukiongezewa insulini, ukaanza kutetemeka na kutoka jasho usiku, na mashine ikasoma chini ya 4, unahitaji gramu 15 za sukari ya haraka, vijiko vitatu au vinne vya chai ndani ya maji, kisha kupimwa tena baada ya dakika 15. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kutegemea mikono yake mwenyewe. Atakayekuwa kando yako usiku huo ni nani? Basi. Nimeahidi sisemi.

Daftari lile ninalo bado, kwenye mtoto wa meza, chini ya vyeti vyenu vya kuzaliwa. Ukija nitakuonyesha kurasa za bluu, na ile 8.3. Njoo peke yako. Au njoo naye. Utaamua wewe.

Mama yako.