Maswali na Majibu: Kabla ya Kupima Msongo wa Kazi, Ipime Taasisi Yenyewe

*Mkurugenzi wetu amerudi kutoka semina na anataka dodoso la msongo wa kazi lisambazwe kwa wafanyakazi wote 200 kabla mwezi haujaisha. Mimi niko rasilimali watu na nafsi inasita. Nitajuaje kama tuko tayari?*

Inasita kwa haki. Ukimwuliza mtu kama kazi inamlemea, hapo hapo umeshampa ahadi kwamba ukijua utafanya kitu. Usipofanya, hali inaharibika kuliko kama usingeuliza: safari ijayo nusu ya watu hawatajibu, na waliobaki watajibu wanachodhani unataka kusikia.

Tenga wiki mbili au tatu za kupima utayari. Mtafiti Bryan Weiner, katika makala yake ya 2009, aliugawa utayari wa taasisi sehemu mbili: azma ya pamoja ya kubadilika, na imani ya watu kwamba uwezo wa kubadilika wanao. Semina huleta azma, tena ya mtu mmoja. Sehemu ya pili ndiyo inayoangusha miradi mingi.

Zungumza faragha na watu 10 hadi 12, dakika 20 kila mmoja: mkurugenzi, mkuu wa fedha, wakuu wa idara wawili au watatu, mwakilishi wa wafanyakazi, wasimamizi wa zamu, na wafanyakazi wa kawaida wasiopungua wanne. Usiwaulize kama uongozi unaunga mkono mradi, maana wote watasema ndiyo. Uliza yanayoweza kuthibitishwa. Fedha ya kutekeleza mapendekezo iko kwenye fungu lipi, na nani anaidhinisha? Msimamizi akigundua kwamba zamu zimepangwa vibaya, anaweza kuzibadili mwenyewe? Maoni ya wafanyakazi yaliyokusanywa mara ya mwisho yaliishia wapi? Swali hili la tatu lina thamani kuliko yote. Kama wa juu wanasema "tuliyafanyia kazi" na wa chini hawakumbuki hata kuyaona, una shimo la imani la kufukia kabla ya dodoso lolote.

Kisha ipe kila sehemu alama 0 hadi 3: uongozi, fedha, muda, usiri, uhusiano na wafanyakazi, takwimu, msaada kwa walioathirika. Alama hizo usizijumlishe. Wengi hujumlisha, wakapata 15 kati ya 21 na kufurahi, kumbe usiri una 0. Sifuri moja kwenye usiri, fedha au uongozi inatosha kuusimamisha mradi mpaka irekebishwe. Takwimu zikiwa na 1 unaweza kuendelea.

Tukizungumzia takwimu: kusanya za miezi 12 iliyopita kwa kila idara, yaani siku za likizo ya ugonjwa, walioacha kazi, saa za ziada, ajali na malalamiko rasmi. Bila hizo hutakuwa na cha kulinganisha mwaka ujao utakapoulizwa mradi umesaidia nini.

Na mkurugenzi apewe hesabu ya muda mapema. Watu 200 kwa dakika 20 za dodoso ni saa 67 hivi. Majadiliano ya vikundi vinane vya watu wanane, saa moja na nusu kila kikundi, ni saa 96. Jumla ni takribani saa 163 za kazi, kabla hujahesabu muda wa mratibu. Ikiwa saa hizo hazijatengwa, watu watajaza dodoso wakati wa chakula cha mchana, nalo lenyewe litakuwa chanzo cha msongo.

*Tuko 34 tu, na kitengo kikubwa kina watu 11. Mshauri ametuhakikishia kwamba dodoso halina majina, kwa hiyo usiri upo. Ni kweli?*

Jina halihitajiki ili mtu ajulikane. Dodoso likiuliza kitengo, jinsia, umri na miaka ya kazi, mwanamke wa pekee mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 kwenye kitengo chenu amekwisha kutajwa. Kanuni inayotumika sana ni kutotoa matokeo ya kundi lenye majibu pungufu ya 10. Kwenu hapo kitakachobaki ni matokeo ya kampuni nzima, au ya kitengo kimoja kama karibu wote watajibu.

Angalieni pia mtego wa hesabu ya kutoa: ukichapisha wastani wa wote na wastani wa kitengo kikubwa, wa waliobaki unapatikana kwa kikokotoo.

Kwa ukubwa wenu, ushauri wetu ni kuacha dodoso. Fanyeni majadiliano ya vikundi vya watu sita hadi wanane, yaongozwe na mtu wa nje, wasimamizi wasikae na wanaowasimamia, na kumbukumbu ziandike hoja bila msemaji. Kabla ya kuanza kubalianeni kwa maandishi nani ataziona kumbukumbu, zitatunzwa wapi na zitafutwa lini.

*Dodoso lipi ni zuri?*

Liko la Mamlaka ya Afya na Usalama Kazini ya Uingereza: maswali 35, majibu ya ngazi tano, linalopima maeneo sita, yaani mzigo wa kazi, uwezo wa kuamua, msaada, mahusiano, uwazi wa majukumu na namna mabadiliko yanavyoendeshwa. Liko pia dodoso la Copenhagen (COPSOQ), lililotungwa Denmark, lenye matoleo mafupi na marefu. Yote mawili ni mazuri. Linaloharibu kazi ni tafsiri: wapeni kwanza watu wanane hadi 10 wa ngazi tofauti, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyoelewa kila swali. Na msiongeze maswali 40 yenu wenyewe.

*Tunapunguza wafanyakazi miezi miwili ijayo. Tusubiri?*

Dodoso lisubiri. Majibu mtakayopata sasa yatapima hofu ya kufukuzwa, na watu watahisi kwamba mnatafuta wadhaifu wa kuwaondoa. Hakuna tangazo litakalowatoa wazo hilo. Wakati wa kusubiri tumieni takwimu mlizo nazo, undeni kamati yenye wawakilishi wa wafanyakazi, na shughulikieni jinsi taarifa za upunguzaji zinavyotolewa, kwa kuwa namna mabadiliko yanavyoendeshwa ni chanzo cha msongo chenyewe. Miezi mitatu hadi sita baada ya orodha ya mwisho kutangazwa, pimeni utayari upya. Alama za mwanzo zitakuwa zimepitwa na wakati.

*Je, kama mtu akiandika kwenye dodoso kwamba anafikiria kujidhuru?*

Likiwa halina majina hamtaweza kumfuata, kwa hiyo maandalizi hufanywa kabla. Kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho wekeni mawasiliano ya mshauri nasaha au huduma ya afya, mkiwa mmeshahakiki kwamba simu inapokewa na gharama inalipwa na nani. Elezeni waziwazi kwamba dodoso halisomwi papo hapo na si njia ya kuomba msaada wa dharura. Anayesoma majibu ya wazi ajue siku hiyo hiyo amjulishe nani, ili tangazo la msaada lirudiwe kwa wafanyakazi wote bila kumsaka aliyeandika. Kama huduma ya kuwaelekeza watu haijapatikana, tarehe ya dodoso isipangwe.