Wadogo zangu, nyaya mbili hazitoshi

Juzi nimemkuta kijana wetu amelehemu nyaya mbili tu za kupimia volti, moja kila ncha ya tepu ya usupakondakta (ile inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana), na mkono uko kwenye swichi ya kupandisha mkondo. Nimemshika mkono. Kila kundi linaloingia maabara linarudia hili, basi someni.

1. Tepu ikitoka kwenye nitrojeni kimiminika tunayoipozea isiachwe wazi kwenye hewa ya Dar. Umande utaifunika mara moja, na YBCO, ile kauri ya usupakondakta iliyo ndani ya tepu, haipatani na maji. Ipasheni polepole ndani ya mfuko wenye gesi kavu.

2. Fungueni madirisha. Lita moja ya nitrojeni kimiminika ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi. AC inapoza, haileti oksijeni.

3. Nyaya. Tepu yangu ya kwanza ilikuwa ya mita moja, niliyoisubiri miezi. Nikapima nchani: mikrovolti 40. Nikagawanya kwa sentimita 100, nikapata 0.4 kwa sentimita, chini ya kikomo chetu cha mikrovolti 1 kwa sentimita. Nikaandika "salama" kwenye daftari, nikaendelea kupandisha. Hesabu ilikuwa sahihi, wazo ndilo lililokuwa bovu. Zile 40 zote zilikuwa zinatoka mahali pamoja, labda sentimita moja yenye ufa. Na YBCO ikianza kupoteza usupakondakta mahali pamoja, habari haisambai upesi. Kwenye kelvini 77, baridi ya nitrojeni kimiminika, joto linatambaa milimita hadi sentimita chache tu kwa sekunde. Sisi tunataka tepu nzima iamke, yaani ipoteze usupakondakta, kwa pamoja ili mkondo wa koili uhamie kwenye mzigo, kile kifaa kinachoutumia. Yangu iliamka sehemu moja, sehemu hiyo ikabeba joto lote. Nikasikia nitrojeni inachemka kwa kishindo. Nilipoitoa, kulikuwa na tundu jeusi kama choroko. Sikula siku ile. Mkuu wangu hakunigombeza, aliuliza tu, "Katikati ulipima?" Swali hilo bado linaniuma.

4. Lehemu iwe ya joto la chini, na mkono uwe mwepesi. YBCO ikipata joto kali inapoteza oksijeni.

Kile kipande chenye tundu kipo kwenye droo yangu, njooni mkishike. Yule kijana ameshalehemu nyaya 11, sehemu kumi za sentimita kumi kumi. Ya saba ndiyo dhaifu. Ameikata, na mchana huu anapandisha mkondo mwenyewe.