Mashudu yameuzwa kwa nani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya alizeti mkoani Singida. Daftari letu lina jina la mkulima, magunia na malipo, basi. Sasa amekuja mtakwimu anataka tuandike pia nani kanunua mashudu (makapi yanayobaki alizeti ikikamuliwa mafuta) na mkulima kapata wapi mbegu. Anasema ni kwa ajili ya jedwali la pembejeo na mazao. Sisi linatuhusu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Linawahusu, msimfukuze.

Jedwali hilo ni kazi ya mchumi Wassily Leontief, aliyeanza kulichapisha Marekani mwaka 1936 na kupewa Tuzo ya Nobel 1973. Kila sekta ina mstari unaoonyesha imemuuzia nani, na safu inayoonyesha imenunua kwa nani.

Nikupe mfano wa kubuni. Kinu kimeuza mafuta na mashudu ya shilingi milioni 100, na kwenye hizo kimelipa milioni 60 kununua alizeti. Mkulima katika 60 zake katoa 12 za mbegu na trekta. Mwenye trekta kanunua dizeli, na hapo fedha imevuka mpaka. Fuata hivyo hadi mwisho, utajua kinu kikipanuka nani atanufaika hapo mkoani. Mfugaji wa kuku naye yumo, kwa kuwa hulisha kuku wake hayo hayo mashudu.

Mimi nalipenda kwa sababu nyingine: linaumbua daftari bovu. Alichonunua mwenye kinu sharti kilingane na walichouza wakulima, ukishatoa ushuru, nauli na cha dalali. Pakiwa na pengo, ama kuna mzigo uliopita njia za panya, ama lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, imeandikwa gunia la kawaida. Kwa hiyo andikeni kilo. Alizeti inayobaki nyumbani, ya mbegu na ya kukamua mafuta ya kula, nayo ipewe safu yake, la sivyo mavuno yataonekana haba.

Kasoro yake ni kwamba linachukulia viwango vya sekta kununua kwa nyingine havibadiliki. Ukame ukiwapiga, bei ya alizeti itapanda na ile 60 haitakuwa 60 tena. Basi muulizeni atarudi lini kuhesabu upya. Na fomu alete yeye, zikiwa zimeshachapwa. Katibu wa AMCOS hana muda wa kuchora mistari kwa rula.